Je, Uvimbe wa Tumboni ni Hatia?

Katika nchi hii ya Rungwe wazee wetu walikuwa na desturi moja nzito. Mtu akifa, na watu wakiwa na shaka, maiti yake ilipasuliwa tumbo ili itazamwe. Walisadiki ya kuwa mchawi huchukua chatu tumboni, mwenye uchu wa nyama na maziwa, na ya kuwa chatu huyo aweza kuonekana kwa macho. Bibi Monica Wilson, aliyekaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliyaandika hayo.

Sisi tufundishao hapa Mpuguso hatuwacheki wazee hao. Hawakuridhika na maneno ya jirani, walitaka kuona. Lakini walitazama wakiwa wamekwisha kujua watafutacho, na atafutaye hatia ni nadra aikose. Katika ukuta wa tumbo la chakula huweza kuota uvimbe wa misuli, au wa mafuta, au hata wa ala ya neva, nao huu wa mwisho ni adimu sana. Si saratani, wala hauna mwenye kosa. Hatusemi ya kuwa kila chatu alikuwa uvimbe. Twasema tu kwamba jicho lenye hofu haliwezi kuvipambanua.

Basi, daktari naye hupasua na kutazama. Atofautianaje na wazee? Yeye hupasua walio hai, tena huuliza ni kitu gani, wala si ni nani. Walakini jicho lake nalo hudanganyika. Uvimbe wa namna hii hukaa chini ya utando. Mpira wenye taa ushushwao kooni huonyesha kilima tu, na kipande kinyofolewacho juu yake mara nyingi huwa ni utando mzima usio na ugonjwa. Kwa miaka mingi mabingwa waliuita uvimbe wa misuli kwa kutazama sura ya chembe zake. Mwaka 1983 Mazur na Clark wa Marekani walilitilia shaka jina hilo, na mwaka 1998 Hirota na wenzake wa Japani walionyesha kasoro katika jeni iitwayo KIT. Ikajulikana ya kuwa nyingi za zile zilizoitwa za misuli zilikuwa za jamii nyingine, iwezayo kugeuka saratani. Leo hupambanuliwa kwa dawa za rangi chini ya hadubini.

Uvimbe mdogo usioumiza huweza kuachwa na kuangaliwa. Utokao damu, hata choo kikawa cheusi kama lami, hukatwa, maana hata usio saratani huweza kuua. Daktari huuondoa pamoja na ukingo mwembamba wa nyama nzima, akashona, na sehemu kubwa ya tumbo ikabaki. Mara nyingi mgonjwa hukubali kisu kabla ya kujua jina la ugonjwa wake.

Naye akirudi nyumbani na mshono wake, jirani haulizi uvimbe ni wa namna gani. Huuliza ni nani aliyeuweka. Jibu la hadubini huchukua siku nyingi, na swali la jirani hujibiwa jioni ile ile.