Daktari, Njoo Mara

Wewe uliyemaliza udaktari Bugando au Muhimbili na sasa unatafakari pa kwenda, nakusihi uifikirie Mara. Usiishie Musoma mjini. Fika Bunda, fika Butiama, kisha shika barabara ya vumbi mpaka kwenye zahanati ya mwisho kabla ya ziwa.

Waliokutangulia walikuja kukiwa kugumu kuliko leo. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani walifika Shirati, kaskazini mwa Musoma, na hospitali iliyozaliwa pale ingali inatibu watu wa Rorya na majirani zao. Wengi hudhani daktari wa misheni kazi yake ni kugawa dawa na kusali na wagonjwa. Basi sikiliza. Kati ya 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini, yaani Tarime na Rorya za leo, walipewa klorokwini ili ijulikane kama malaria ikipungua, saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya la mtoto, nayo itapungua. Dk. Glen Brubaker wa Shirati alikuwa miongoni mwa waliosimamia utafiti huo. Vimelea vilianza kuishinda dawa, malaria ikapanda tena, na jibu halikukamilika. Hata hivyo dunia nzima ya tiba ilisoma matokeo yaliyotoka vijijini kwetu.

Kwa hiyo anayekutisha kwamba kijijini utadumaa, mwache aseme. Zamu moja ya usiku huku itakuletea mama ambaye uchungu umekwama, mtoto wa malaria kali asiye na damu mwilini, na mgonjwa wa selimundu anayelia kwa maumivu. Hakuna bingwa chumba cha pili wa kumwita. Utaamua, utapasua, na asubuhi utamfundisha tabibu kijana ulichofanya. Huo ndio udaktari uliouapia!

Wazungu wale wengi wamekwisha kwenda zao, na wito wao sasa ni wetu. Hospitali teule, ambazo kanisa linazimiliki na serikali inazitumia kama za wilaya, zinaendeshwa na Watanzania wenzako. Kwangwa, Musoma, hospitali ya rufaa yenye jina la Mwalimu Nyerere ilikaa miongo ikiwa gofu. Leo wagonjwa wanaingia. Kuta tunazo, zinadai watu wa kukaa, si wa kupita. Mwalimu mwenyewe, alipoachia urais mwaka 1985, alirudi kuishi Butiama.

Wito haulipi ada za watoto, nalisema hili kwa makanisa na halmashauri bila kuzunguka: mpeni daktari nyumba yenye maji, mlipeni kwa wakati, mruhusuni akasome kisha arudi. Nawe daktari, nafasi zikitangazwa, jaza Mara kwanza. Ukishafika, kaa.