Kivuli Kiasi Gani?



Mti wa kahawa, yaani mbuni, ni mti mfupi usiopukutisha majani. Wakati wa kiangazi, miti mingi ya pori letu ikiwa imebaki matawi matupu, mbuni hukaa na majani yake ya kijani yenye kung'aa. Mvua za kwanza zikinyesha, baada ya siku chache matawi yake hujaa maua meupe yenye harufu kama ya asumini. Maua hayo hudumu siku mbili tatu tu, kisha matunda huanza safari yake ya miezi saba hadi tisa.

Sisi wa Lusewa hatujulikani kwa kahawa. Katika mkoa wetu wa Ruvuma kahawa ni hasa ya ndugu zetu wa Mbinga. Hata hivyo mti huu unatufundisha jambo sisi sote tunaolea watoto, tunaotunza yatima, au tuliopewa kazi ya kuongoza wengine. Maana kila anayeupanda lazima ajibu swali hili: aupe kivuli kiasi gani?

Asili ya mbuni ni misitu ya milimani huko Ethiopia, ambako huota chini ya miti mirefu. Ndiyo sababu wazee wa Kilimanjaro waliupanda chini ya migomba na miti mikubwa. Katika kitalu, mche huwekwa chini ya kichanja kilichoezekwa nyasi. Lakini mtunza kitalu mwenye akili haachi nyasi zile mpaka mwisho. Wiki chache kabla ya kupeleka miche shambani huzipunguza kidogo kidogo, hata mche uzoee mwanga. Akiziondoa zote kwa siku moja, majani huungua. Asipoziondoa kabisa, mche hurefuka bila nguvu, na siku ya kuhamishwa unalegea.

Wako wenzetu wasemao kwamba mtoto hukomaa juani. "Sisi tuliachwa, na tazama, tumekuwa watu." Neno hili si la kudharauliwa, lakini tulipime. Mbuni ulioachwa juani bila mbolea huzaa sana mapema, na mwenye shamba hufurahi. Lakini mti huo hauwezi kujizuia. Hulisha matunda yake mpaka unajimaliza, na baada ya mavuno matawi hukauka kuanzia nchani. Ndivyo ilivyo kwa binti mdogo anayetolewa shule akafanye kazi katika nyumba za watu mjini. Mwaka wa kwanza analeta fedha, nasi twasema mtoto ana baraka. Hatuulizi fedha hizo zimetoka katika nguvu gani. Na wale wasemao jua liliwakomaza ndio waliopona. Waliokauka hawapo kutoa habari zao.

Ni kweli kwamba yako mashamba makubwa ya kahawa yasiyo na kivuli, na yanazaa vizuri. Lakini wenyewe huyalisha mbolea na kuyanywesha maji bila kuchoka. Basi kosa si kumtoa kijana juani. Kosa ni kumtoa mikono mitupu, bila elimu, bila ufundi, bila hata jembe lake mwenyewe, kisha kumlaumu kwa kunyauka.

Upande wa pili, kivuli kikizidi, mbuni hustawi majani lakini hauzai. Ukiutazama kwa mbali ni mti mzuri. Ukiukaribia hakuna tunda, na magonjwa ya ukungu yanapenda unyevu ule. Mzazi anayemwamulia mwanawe mwenye miaka thelathini kila jambo amezaa majani. Hata katika mitaa yetu, tukishika kazi zote mpaka mvi, kuanzia ufunguo wa kanisa hadi daftari la sadaka, tusishangae kwamba vijana wanakaa nyuma karibu na mlango. Hawakukosa imani. Walikosa mwanga.

Tena kuna kivuli cha namna ya tatu, nacho ndicho kibaya kuliko vyote. Mkaratusi ni mrefu, nao una kivuli. Lakini ukiupanda kati ya mibuni, mizizi yake hunywa maji yale yale ya mibuni. Twawajua ndugu wanaochukua yatima wa marehemu nyumbani kwao, wakasifiwa na kijiji kizima, huku shamba na mabati aliyoacha baba yao vikiisha mmoja mmoja. Mtoto akiuliza, huambiwa ashukuru kwa kuwa amepata pa kulala. Mti wa kivuli unaofaa ni ule wenye mizizi inayokwenda chini zaidi, hata usigombee maji na ulio mdogo, na majani yake yakianguka huwa mbolea. Mlezi ambaye mtoto anazidi kuwa maskini chini yake si mlezi, hata akisifiwa vipi.

Basi kiasi gani? Hakuna kipimo kimoja. Penye joto kali mbuni hutaka kivuli zaidi, penye baridi hutaka kidogo; na watoto wa nyumba moja hawafanani. Lakini mkulima mwema hupita shambani, hutazama majani, huhesabu maua, kisha huchukua panga na kupogoa mti wa kivuli. Hapo ndipo penye uchungu, kwa maana anayepogolewa ni mkubwa.

Tuonapo vigumu kupunguza matawi yetu, na tujiulize kwa unyofu: tunayaacha kwa ajili ya mbuni, au kwa sababu tumependa kuitwa mti mkubwa? Na mbuni ukianza kutoa maua, tufurahi, hata kama jua limetupita likaufikia wenyewe.