Dhahabu Iliyolala Kashani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyeumba uzuri na kuwahalalishia waja Wake pambo lililo jema. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad:

Enyi ndugu zetu Waislamu, katika darasa letu hapa Nakuru tuliletewa suala na mama mmoja ambaye asili yake ni pwani, kama wengi wetu. Alirithi kwa bibi yake vikuku vya fedha, na mikufu na vipuli vya dhahabu. Kisha akaingiwa na hamu ya kukusanya: kila apatapo pambo la kale hulinunua, na kila litokapo jipya lenye jina la mtengenezaji mashuhuri wa Ulaya huliagiza. Vingi katika hivyo havijapata kugusa mwili wake. Vimefungiwa kashani miaka mingi. Akauliza: Je, vyote hivi ni pambo la mwanamke lisilotolewa zaka?

Twasema kwanza kwamba hatumlaumu kwa kupenda kizuri. Katika Sura ya Al-Aaraf Mwenyezi Mungu amewakemea waharimishao pambo Alilowatolea waja Wake. Kazi ya masonara wetu wa Lamu ni fahari, na amhifadhiaye bibi yake kikuku amehifadhi kumbukumbu ya watu wake.

Lakini kupenda ni jambo moja, na haki ya maskini ni jambo jingine. Maimamu Malik, Shafii na Ahmad wamesema kuwa pambo la halali alivaalo mwanamke halina zaka, na imepokewa kuwa Bibi Aisha aliwalea mayatima wa nduguye wenye mapambo, wala hakuyatolea zaka. Imamu Abu Hanifa amesema hutolewa zaka hata hilo livaliwalo. Na katika hoja zake ni habari ya mwanamke aliyemjia Mtume pamoja na binti yake aliyevaa bangili mbili nene za dhahabu. Alipoulizwa kama huzitolea zaka, akajibu la; akaonywa kwa adhabu ya moto, akazivua papo hapo. Baadhi ya majirani zetu wenye asili ya Bara Hindi humfuata Abu Hanifa, nasi twamfuata Shafii. Isiwe sababu ya kuteta.

Ila tusijifiche nyuma ya Imamu wetu. Wanavyuoni wa madhehebu yake wenyewe wamesema kuwa pambo liwekwalo kwa nia ya kuwa akiba, si kwa kuvaliwa, limetoka katika hukumu ya pambo, na zaka yake ni wajibu. Basi kila mmoja aifungue kasha yake na aiulize nafsi yake kwa kweli: Hiki nakivaa, au nakilimbika?

Hesabu yake si ngumu. Kiwango cha dhahabu ni mithqali 20, karibu gramu 85 za dhahabu safi. Cha fedha ni dirhamu 200, karibu gramu 595. Ukipita mwaka wa mwezi, hutolewa robo ya ushuri. Aliyeweka gramu 160 za karati 18 ana gramu 120 za dhahabu safi, na zaka yake ni gramu 3. Hutazamwa uzito katika kiwango, si jina lililochorwa juu yake. Ama vito kama yakuti na almasi havina zaka, isipokuwa vikiwekwa kwa biashara. Hata tanzanaiti, iliyovumbuliwa Mererani mwaka 1967, na ikapewa jina hilo na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968, hukumu yake ni hiyo hiyo, ijapokuwa jina liliipandisha bei.

Na ambaye miaka imempita bila kutoa, ajue kuwa ni deni lisilofutwa na kutojua. Na akadirie miaka yake, alipe. Akikosa taslimu, auze kipuli kimoja. Hapungukiwi na kitu, na huenda mjane wa jirani yake akapata karo ya mwanawe.

Ndugu zetu, hapa karibu nasi, katika pango la mto Njoro, Louis na Mary Leakey walichimba mwaka 1938 wakakuta mabaki ya maiti waliochomwa moto miaka kama elfu tatu iliyopita, na pamoja nao shanga nyingi za mawe mazuri. Wenyewe wamekuwa majivu, na shanga zingali zang'aa. Hatujui hata jina la mmoja wao. Vivyo hivyo kasha zetu zitafunguliwa na wengine. Tutakachokikuta mbele yetu ni kile tulichokitoa.

Ewe Mola wetu, usizifanye hazina zetu kuwa hoja juu yetu. Amin.