Nani Kalipia Stempu?

Kabla ya mwaka 1840, kwa kawaida Mwingereza aliyeletewa barua ndiye aliyeilipia. Tarishi alifika mlangoni, akataja bei kwa kufuata umbali wa mahali barua ilikotoka na idadi ya karatasi zake, na mwenye nyumba akaamua: atoe fedha aipokee, au atikise kichwa irudi. Wajanja waliweka alama ndogo juu ya karatasi ili ndugu aitazame, ajue kwamba wote wazima, kisha amrudishie tarishi mzigo wake bila kutoa senti. Rowland Hill, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuyavalia njuga mageuzi ya posta, ndiye aliyeupindua utaratibu huo. Barua nyepesi ikawa na bei moja nchi nzima, peni moja, na mfuko uliofunguliwa kwanza ukawa wa mwandishi. Mwezi Mei mwaka huo stempu ya kwanza ya kubandika ikaanza kutumika.

Wachumi wana maelezo yao kuhusu uamuzi ule. Mimi naona ndani yake uungwana: anayetaka kusikilizwa ndiye agharimike, maana msikilizaji tayari anatoa muda wake.

Sisi tuliolelewa na sanduku la posta tuliujua uungwana huo bila kufundishwa. Mama yangu alikuwa akiandika kwenye ile karatasi nyepesi ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe. Akifika mwisho wa ukurasa aliigeuza ubavu akaendelea pembezoni, salamu za shangazi huku, habari za mihogo kule, kwa kuwa nauli ya barua ilikwishalipwa na nafasi haikuwa ya kuchezea. Hakuna mtu aliyewahi kutuandikia barua ili kutuambia “sawa”.

Mwaka 1971 mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alituma ujumbe kupitia mtandao kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, akaiteua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake. Stempu haikuwamo. Tangu hapo, polepole, bila yeyote kupigia kura, tumerudi kule alikotutoa Hill: anayepokea ndiye anayelipa. Tena tumerudi tukiwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu yule Mwingereza wa zamani aliweza kutikisa kichwa mlangoni. Kwetu barua inaingia kwanza hadi sebuleni, ndipo tunapogundua kwamba hatukuihitaji.

Haikupita miaka mingi kabla mtu hajaing'amua nafasi hiyo. Mei 1978 Gary Thuerk, afisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alikuwa na mashine mpya za kuuza na maonyesho mawili ya kuzinadi huko California. Badala ya kuwaandikia wateja mmoja mmoja, tangazo lake likaenda kwa mpigo kwa watu karibu 400 wa ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani kwa shughuli za utafiti. Anwani zilikuwa nyingi mno, zikafurika sehemu yake na kumwagikia kwenye maandishi ya tangazo. Wasimamizi wa mtandao walikuja juu. Thuerk mwenyewe amesimulia miaka ya baadaye kwamba lile tangazo liliuza mashine za mamilioni ya dola, na uchungu uko hapo hapo: wengi walikerwa, mmoja akafaidika, na hesabu ikamwendea vizuri. Richard Stallman wa chuo cha MIT, kijana ambaye baadaye angekuja kuwa jina kubwa katika programu huria, mwanzoni aliona watu wanalalamika bure. Alipooneshwa barua yenyewe akageuza kauli. Biashara hakuwa na neno nayo. Ule msururu wa anwani uliotangulia habari ndio uliomshinda.

Wapo waliotaka kuirudisha stempu. Mwaka 1992 Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza kila barua pepe ilipiwe kwa jasho la kompyuta: kabla haijatoka, mashine ya mtumaji ifumbue kwanza fumbo dogo la hesabu. Anayeandika barua kumi kwa siku asingehisi kitu, ila anayetuma milioni angeelemewa. Mwaka 1997 Adam Back alilitengenezea programu wazo la namna hiyo, akaiita Hashcash. Januari 2004, huko Davos, Bill Gates akatabiri kwamba baada ya miaka miwili tatizo la barua taka lingekuwa historia, na malipo ya aina hii yalikuwa miongoni mwa dawa alizozitaja. Miaka miwili ikapita, taka zikabaki. (Kazi ya Back haikupotea, lakini. Aliyebuni Bitcoin aliitaja katika andiko lake la mwaka 2008. Stempu iliyokataliwa na posta ikaenda kusaidia kuzaa sarafu.)

Stempu hiyo ya jasho ilishindikana, kwa sehemu, kwa sababu mtuma taka mzoefu hutumia kompyuta za watu alizoziteka kwa virusi, na jasho lingekuwa la wenyewe. Binafsi sikusikitika sana. Bure hiyo hiyo ndiyo inayompa mwanafunzi wa Songea uwezo wa kumwandikia profesa wa Uppsala bila kumwomba mtu nauli. Bei ingemfungia yeye mlango kabla ya kumfungia tapeli.

Kampuni za usalama wa mitandao hukadiria kwamba karibu nusu ya barua pepe zote duniani ni taka, na machujio huzinasa nyingi kabla hatujaziona. Hizo hazininyimi usingizi. Wanaonitia wasiwasi ni sisi, watu waungwana wenye anwani halali za ofisi.

Zamani karani aliyetakiwa kutoa nakala alipanga karatasi na kaboni kwenye taipureta, akagonga kwa nguvu zake zote, na bado nakala ya tano au ya sita ilitoka ukungu mtupu. Mkubwa wake alilazimika kufikiri ni nani hasa anayestahili kuipata. Sasa hakuna wa kumlazimisha. “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu,” anaandika mtu wa ghala anayeomba karatasi za printa, na watu arobaini wanaarifiwa. Hilo linachosha tu. Linalochoma ni nakala inayotumwa kama fimbo. Wenzako wawili wana mvutano ambao ungekwisha kwa mmoja kuinuka akaenda meza ya pili, lakini anaandika, “Kama nilivyokueleza awali,” na kwenye safu ya nakala anawapanga meneja, mkurugenzi na afisa rasilimali watu. Hana anachowaomba. Anataka mwenzake ajue kwamba wanatazama. Mimi hilo nalihesabu kuwa matumizi mabaya ya barua pepe sawa na tangazo la dawa za nguvu za kiume, na nikilazimishwa kuchagua, afadhali tangazo, ukilifuta limekwisha.

Gumu zaidi kulisema ni hili la tanzia. Idara ya utumishi inawatangazia wafanyakazi wote kwamba mwenzetu amefiwa na baba yake huko Bukoba. Nusu saa haijaisha, kikasha kimejaa: “Poleni sana.” “Apumzike kwa amani.” “Mungu awatie nguvu.” Kila mmoja amebonyeza kujibu wote, na watu mia tatu wanapokea pole za msiba usio wao. Naelewa kinachotusukuma. Kwetu kunyamaza wakati wa msiba ni kosa ambalo watu hawalisahau, na asiyeonekana hutafutwa kwa jina. Lakini tazama pole hizo zinamfikia nani. Mfiwa yuko kwenye basi la kwenda Bukoba, pengine hata anwani yake haimo kwenye majibu, kwa kuwa tangazo lilitoka utumishi. Tumempa pole kila mtu isipokuwa yeye. Maneno matano kwenye simu yake yangemfikia kabla basi halijafika Kahama. Ila yasingeonwa na mkurugenzi, na ninashuku hapo ndipo wengine wetu tunapokwamia.

Huko Uingereza, Novemba 2016, ujumbe wa majaribio ulikwenda kwa bahati mbaya kwenye orodha ya watumiaji zaidi ya 800,000 wa huduma ya afya ya taifa, NHS. Watu wakaanza kujibu wote wakiomba waondolewe kwenye orodha, na wengine wakajibu wote wakiwasihi wenzao waache kujibu wote. Mfumo ukazidiwa. Kwa hiyo si sisi peke yetu.

Kinachotuhusu sisi zaidi ni bando. Bwana shamba aliyeko kijijini ndani kabisa, mkoani Rukwa, anafungua barua zake kwa simu, kwa bando alilolinunua mwenyewe. Wewe uliyeko Dar es Salaam, kwenye intaneti inayolipiwa na ofisi, unamtumia picha kumi na mbili za warsha kama zilivyotoka kwenye kamera. Umemtoa fedha mfukoni ili akuone ukipokea cheti.

Na ipo gharama ambayo bando haliwezi kuipima. Septemba 2015 kliniki ya 56 Dean Street, jijini London, iliwatumia jarida lake watu wapatao 780, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi. Aliyelituma aliweka anwani zote kwenye sehemu ya wapokeaji badala ya kwenye nakala fiche. Kila aliyelifungua akawaona wenzake wote, na anwani 730 zilibeba majina kamili. Mwaka uliofuata mdhibiti wa taarifa wa Uingereza aliitoza hospitali inayoendesha kliniki hiyo faini ya pauni 180,000. Mdukuzi hakuwepo, wala nia mbaya. Anwani zilikaa mstari mmoja juu ya pale zilipopaswa kukaa, basi, na siri ambayo huenda mtu alikuwa hajamwambia hata ndugu yake ikasomwa na mamia ya watu asiowajua.

Nikikumbuka kisa hicho huwa naifikiria karatasi ya mahudhurio ya semina zetu. Jina, taasisi, namba ya simu, barua pepe, sahihi. Tunaijaza haraka kwa sababu posho inafuata. Wiki ya pili mtu usiyemfahamu anakuletea matangazo ya viwanja Kigamboni. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na ya Tanzania, ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinaihesabu anwani kuwa taarifa inayomhusu mtu, iliyotolewa kwa kazi maalumu. Aliyeandaa semina aliipokea ili atume makabrasha ya semina. Kuiuza au kuigawa kwa rafiki mwenye viwanja hakukuwamo.

Wezi nao wanaujua udhaifu wetu. Watanzania wengi wamewahi kupokea ule ujumbe wa simu wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Ofisini una ndugu yake aliyevaa suti: barua yenye jina la mzabuni wenu wa siku zote, ikieleza kwa upole kwamba wamebadilisha akaunti ya benki. Hasara za ulaghai wa namna hiyo zilizoripotiwa kwa FBI mwaka 2023 zilifika dola bilioni 2.9. Kanuni za kusafirisha barua pepe, zilizochapishwa na Jon Postel mwaka 1982, ziliandikwa kwa ajili ya jamii ndogo ya watafiti walioaminiana, na hazikumtaka mtumaji athibitishe kwamba ndiye. Ukiona akaunti imebadilika, pigia namba ya mzabuni uliyokuwa nayo tangu zamani. Ile iliyoandikwa kwenye barua huenda ikapokelewa na mwizi mwenyewe, tena kwa heshima zote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inamgusa anayeghushi taarifa za mtumaji kwenye ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Lakini sheria hufika baada ya fedha kuondoka.

Tangu Februari 2024 mambo yamegeuka kidogo. Google na Yahoo walianza kuwadai wanaotuma kwa wingi vitu wasivyodaiwa zamani. Gmail, kwa mfano, inamtaka anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku athibitishe anwani yake kwa njia za kiufundi, aweke kitufe cha kujiondoa kwa mbonyezo mmoja katika barua zake za matangazo, na malalamiko dhidi yake yasifike asilimia 0.3, yaani wapokeaji watatu katika kila elfu. Kila unapobonyeza kwamba barua fulani ni taka, deni linaandikwa upande wa aliyeituma, awe mkubwa au mdogo. Baada ya zaidi ya miaka 50, mtumaji ameanza kulipia kitu, naye analipa kwa sifa yake.

Nadhani wengi kwetu bado hawajajua kwamba wanadaiwa. Shule inayowamwagia wazazi matangazo kila wiki, leo fulana za mahafali, kesho safari ya Mikumi, itawachosha, nao wataanza kubonyeza. Kisha Januari italeta barua ya maana, ya tarehe mpya ya kufungua shule, nayo itatumbukia kwenye taka pamoja na nyingine, na mkuu wa shule atasimama mbele ya madawati matupu akiwalaumu wazazi kwamba hawasomi.