Kibaba na Haki ya Maskini

Huulizwa mara kwa mara, na swali hili si dogo kama lidhaniwavyo, ya kuwa mtu apunguzaye gharama ya chakula nyumbani mwake, akapika mwenyewe badala ya kununua kilichokwisha pikwa, akangoja alasiri samaki washuke bei ndipo aende sokoni Darajani, je, huyo ni mwenye busara au ni bahili? Sura ya Al-Furqan, katika aya ya 67, yasifu njia ya kati baina ya israfu na ubahili. Lakini njia hiyo i wapi hasa katika jiko la Unguja, ambamo nazi moja hutoa kasimile, kisha tui jepesi la kuchemshia mbaazi, na machicha wakalishwa kuku?

Nadhani jawabu limo katika kibaba. Mama wa nyumba apimaye mchele kwa kibaba, asiukadirie kwa macho (maana macho ya mwenye njaa hayana insafu), huokoa wali ambao ungalichacha usiku. Na vibaba 4 ni pishi 1, nayo ndiyo kadiri ile ile ya zakatulfitri kwa kila kichwa. Chombo kipunguzacho gharama ya nyumba ndicho kitoacho haki ya maskini. Bahili naye hupima, tena kwa uangalifu mkubwa zaidi. Ila mgeni abishaye hodi adhuhuri hukuta sufuria imekwisha fichwa.

Basi, ewe msomaji, ukishapima mchele wa leo, ongeza konzi moja ya jirani.