Mjomba Hayumo Kwenye Orodha

Wiki hii nimeonyeshwa picha za hafla ya ofisi moja hapa Dar es Salaam. Maputo, keki kubwa, wafanyakazi wamevaa fulana za rangi moja zilizoandikwa kwamba wao ni familia. Aliyenionyesha ni binti wa jirani yangu, anayefanya kazi mapokezi hapo. Naye yumo pichani, amesimama pembeni, hacheki. Mapema wiki hiyohiyo alikuwa amefiwa na mjomba wake huko Songea.

Aliomba ruhusa akazike. Afisa rasilimali watu akafungua kompyuta, akasoma, akamjibu kwa upole kabisa kwamba mjomba hayumo kwenye orodha.

Na kweli hayumo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo akifiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mjomba, shangazi, baba mdogo na mama mkubwa hawakutajwa. Lakini binti huyu baba yake alifariki yeye hajaanza hata shule. Aliyemlipia ada, aliyempeleka bweni na kumfuata kila shule zikifungwa, aliyekaa kupokea mahari ya dada yake, ni huyo mjomba. Kwao ukisema "mzee" bila kutaja jina, kila mtu anajua unamsema nani. Binti hakuwahi kutia udongo kaburini kwake. Alituma rambirambi kwa simu, kama mtu baki.

Jambo hili limenikaa rohoni. Sheria imeweka kiwango cha chini, na haina kifungu kinachomkataza mwajiri kuongeza. Siku za kwenda kuzika zingeweza kukatwa kwenye likizo yake ya mwaka, ambayo sheria hiyohiyo inasema ni siku 28. Wenzake wawili walikuwa tayari kumshikia zamu. Ofisi iliyopata fedha ya keki na mpiga picha haikupata njia ya kumwachia mtu akamzike aliyemlea.

Najua meneja atanijibu nini. Atasema Waswahili hatuishiwi ndugu, kila wiki kuna msiba, na akiufungua mlango huo iko siku atajikuta ofisini peke yake. Ataongeza kwamba wapo waliokwisha kumzika bibi mmoja mara tatu. Wapo, sikatai. Lakini mwongo ana jina na ana faili; aitwe, aulizwe, aadhibiwe. Kumnyima mkweli kwa sababu ya mwongo ni kuwaambia wote kwamba hapa hakuna anayeaminika, na mtu akishajua kwamba haaminiki huacha kujitoa. Atafika kwa saa iliyoandikwa, ataondoka kwa saa iliyoandikwa, na katikati hapo mteja atajibiwa kwa mkato. Meneja ataona ari imeshuka, ataita wataalamu wa semina, na kilichoivunja ari hiyo kitakuwa palepale, kwenye jibu alilompa mfiwa.

Wala kudai heshima kazini si jambo la vijana wa leo tu, kama wengine wanavyopenda kudai. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliusoma na wakaushika. Katika miaka iliyofuata, wengi waliogoma viwandani hawakuwa wakidai nyongeza. Walichoshwa na matusi na dharau za mameneja. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, hapahapa Dar es Salaam, walifikia kukishika kiwanda wakiendeshe wenyewe. Fedha walizihitaji kama sisi tunavyozihitaji, na bado wakasimama kwa ajili ya heshima.

Mshahara ulipwe kwa wakati, michango ya NSSF ipelekwe, na dakika 60 za chakula ziwe 60 kweli. Hayo ni haki, hayana mjadala.

Ninachoomba zaidi ya hayo ni kidogo. Mtu akiajiriwa hujaza fomu: mwenzi, watoto, wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Iongezwe nafasi moja ya kuuliza nani alikulea, na aandike majina mawili. Hao wahesabiwe kuwa wazazi wake, hata kama tumboni alibebwa na mwingine. Meneja anayeogopa misiba isiyokwisha atakuwa na majina yake kwenye faili, yameandikwa watu wakiwa hai, na hatakuwepo wa kumbabaisha. Bunge halihitajiki kwa hili. Zinatosha kanuni za ofisi, na kanuni hizo meneja anaweza kuzirekebisha kabla ya mwezi huu kwisha.