Mcheza kwao hutuzwa: inafaa kumlipa mtoto ili ajue hesabu?

Tangu simu za kugusa zilipoingia majumbani, hapa Baraka na hata kule Fizi mlimani, swali moja linarudi kila wazazi na walimu wanapokutana. Inafaa mtoto afundishwe hesabu kwa michezo ya simu, ile inayompa nyota, alama na sarafu za kuchora kila anapojibu vizuri? Wengine wanasema ndiyo, sababu mtoto anayekimbia kaye yake hakimbii simu. Wengine wanasema mwalimu anayeleta mchezo kalasini ni mwalimu aliyeshindwa kazi. Sisi walimu wa hesabu tumeomba nafasi katika kijitabu hiki cha desturi, sababu tunaona swali lenyewe ni la zamani kuliko simu. Mtu akifanya vizuri tumpe nini? Tumpe wakati gani? Na tukimpa, tunamfundisha nini kingine bila kujua?

Kwanza tukumbushane: zawadi shuleni haikuletwa na simu. Sote tunajua siku ya proklamasio. Majina yanasomwa mbele ya wazazi, wa kwanza anapigiwa makofi na kubebwa, pengine anapewa kaye na kalamu. Anayekuja mwisho anarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Kwa hiyo shule yetu tayari ni mchezo wenye alama na washindi. Kasoro yake ni kwamba washindi ni wachache mno na wanajulikana mapema. Katika kalasi ya watoto 60, makofi ni ya watatu. Wale 57 wanajifunza nini siku ile? Wengi wanajifunza kwamba hesabu ni mali ya watu fulani. Anayeikataa michezo ya simu kwa sababu ya zawadi, aangalie kwanza zawadi tulizo nazo.

Wazee wetu nao walikuwa na madaraja. Babembe na Balega walikuwa na bwami, chama cha kupanda ngazi moja baada ya nyingine, na kila ngazi ilikuwa na alama zake: kofia, mkanda, sanamu ndogo ya mti ao ya pembe. Mali nyingi ilitolewa ili mtu apande, hilo hatulifichi. Lakini mali peke yake haikutosha. Ndugu walipaswa kumsimamia, na tabia yake iliangaliwa. Tena kile kitu alichopewa kilikuwa na maneno yake, methali na mafundisho, na bila maneno yale kitu kilikuwa kipande cha mti tu. Mwenye ngazi ya juu alibeba mzigo zaidi: kupatanisha, kushauri, kuwaongoza wanaopanda nyuma yake. Tulitunze wazo hili, tutalirudia: zawadi ya wazee ilibeba somo ndani yake, na ilimpa mtu kazi.

Sasa tuangalie lugha yetu, maana ina hekima. Kiswahili kinasema mcheza kwao hutuzwa. Mchezaji anaingia uwanjani kwa sababu ngoma imemwita, anacheza vizuri, basi shangazi anainuka na kumbandika noti kwenye paji la uso. Hiyo ni tuzo, ao kama tunavyosema huku, matabishi. Inakuja baada ya kazi, inatoka kwa watu wake, na inasema, «Tumekuona.» Mshahara ni jambo lingine. Mshahara unapatanwa mapema: ufanye hivi, nikupe hivi, usiponipa, sifanyi. Tena kuna neno la tatu, rushwa, yaani kumlipa mtu kwa jambo ambalo lilikuwa tayari wajibu wake. Pesa inaweza kuwa ile ile na mkono ule ule, lakini moyo wa anayepokea unajua tofauti.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1973, kwenye shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watafiti watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichagua watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Fungu la kwanza liliahidiwa cheti kizuri kama litachora. Fungu la pili halikuahidiwa kitu, ila baada ya kuchora likapewa cheti kile kile bila kutazamia. Fungu la tatu halikupewa chochote. Siku kadhaa zilipita, kalamu zikawekwa tena mezani bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Wale waliopewa cheti bila kutazamia hawakupoteza hamu yao. Kumbe cheti chenyewe hakikuwa na ubaya! Kilichoharibu ni ile mapatano iliyotangulia. Mchezo uligeuka kibarua, na kibarua kisipolipwa kinaachwa. Wanasayansi wa Stanford na methali ya Kiswahili wamefika penye mti mmoja.

Kwa nini tunaona hatari hii kuwa kubwa zaidi kwetu? Sababu huku mtoto anakutana na mshahara mapema. Anavuta nyavu ufukweni alfajiri, anapewa ndagala. Anasikia habari za kariere za zahabu za Misisi, na wenzake wengine wameshaacha kalasi wakaenda. Kijana anayebaki mjini anakuta nyumba ya kuchezea video ya kulipia, na jirani yake watu wa pari za mpira, ambako bahati inaonekana kama akili. Pande zote anaambiwa kwamba kitu kisicholeta makuta leo ni bure. Shule ni karibu mahali pa mwisho ambapo mtoto anaweza kukutana na jambo zuri lisilolipwa. Shule nayo ikianza kusema «jibu kumi, upate sarafu kumi», siku sarafu zitakapokwisha mtoto atauliza kwa haki kabisa: nitapata nini? Na kule Misisi wana jibu kubwa kuliko letu.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kuna watu wamejaribu kuwalipa wanafunzi pesa halisi, na matokeo yanafundisha. Roland Fryer, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alifanya majaribio hayo katika miji mikubwa ya Marekani na kuyatangaza mwaka 2011. Kule Dallas, watoto wa mwaka wa pili walipewa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma, na kusoma kwao kukaendelea mbele. Kule New York wanafunzi walilipwa kwa matokeo ya mitihani, na matokeo hayakupanda. Mwalimu yeyote ataelewa sababu. Kusoma kitabu ni kazi ambayo mtoto anajua pa kuishika. Lakini «upate alama nyingi za hesabu» ni sawa na kumwambia mtu avuke ziwa bila kumpa kasia. Anataka sana, ila hajui njia. Zawadi haifundishi njia.

Na mchezo wa simu, je? Hapa tunapaswa kuwa wakweli, kuna mambo mchezo unatushinda sisi walimu. Mtoto akikosea kwenye simu, hakuna anayemcheka. Anaanza tena mara tano, mara kumi, na hakuna fimbo. Kalasini kwetu mtoto anayeitwa ubaoni na kukosea analipa kosa lake kwa haya mbele ya wote, ndiyo maana wengi wanajifunza kunyamaza. Tufikirie pia miaka ambayo vita vilifunga shule zetu, tangu 1996, wakati familia nyingi za Fizi zilipovuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, na mara nyingi baada ya hapo. Mtoto aliyepoteza miaka miwili ya shule anarudi na umri mkubwa na hesabu ndogo. Huyu anahitaji mahali pa kukosea bila kuonekana.

Huko ng'ambo, Tanzania, katika mkoa wa Tanga, kulifanywa jaribio kubwa la namna hiyo lililoitwa Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 katika vijiji kama 170 walipewa tableti zenye masomo na michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili, na umeme wa jua wa kuzichaji. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuingia shule. Kabla ya kuanza, zaidi ya 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili; baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi wa tano 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mchezo hauwezi kufundisha. Lakini tusome vizuri: nusu ya wale wasiojua kusoma neno bado walibaki pale pale. Tableti inaanzisha, haimalizi.

Basi tofauti tutaiona wapi kati ya mchezo mzuri na mchezo wa kununua mtoto? Jibu tunalo nyumbani, chini ya mti. Ni ule mchezo wa vishimo na mbegu, ambao watu wa pwani wanauita bao, Wanyarwanda igisoro, Baluba kisolo. Sisi hapa tutasema kisoro. Ubao una mistari 4 ya vishimo 8, jumla 32, na mbegu 64. Kila mchezaji anazunguka vishimo vyake 16. Tuvipe namba kuanzia 1 mpaka 16. Mtu anachota mbegu 11 kutoka kishimo cha 9, anapanda moja moja kuanzia cha 10. Ya mwisho itaangukia wapi? 9 na 11 ni 20. Toa 16, inabaki 4. Mchezaji hodari anaona kile kishimo cha 4 kabla mkono haujasogea. Hiyo ndiyo hesabu ya mabaki, ile ile inayotumika kujua kwamba siku 100 baada ya Jumatano ni Ijumaa, maana 100 ni juma 14 na siku 2.

Angalieni sasa: kwenye kisoro hesabu ndiyo mchezo wenyewe. Asiyehesabu anashindwa, na hakuna njia ya kuingia kwa mlango mwingine. Michezo mingi ya simu haiko hivyo. Mtoto anaulizwa 7 mara 8, akijibu anaruhusiwa kupiga ndege ao kukimbiza gari. Pale hesabu ni barriere ya njiani: unalipa, unapita, unasahau. Kwa hiyo mzazi akitaka kuujua mchezo, auulize swali hili: tukiondoa nyota na sarafu zote, mtoto atabaki na kitu cha kufikiri? Kama ndiyo, mwache acheze kwa kipimo. Kama hakuna kinachobaki, mtoto analipwa tu.

Tena hamu ya kujua iko tayari ndani ya watoto. Mwaka 1950, kule Ishango karibu na Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wa miaka kama 20,000 wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu. Safu moja ina 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Wataalamu hawajapatana maana yake. Tukiziandika namba hizo ubaoni na kuuliza, «Mnaona nini?», mabishano yanaanza bila kuahidi hata kipande cha chaki, na atakayegundua kwamba kila safu inajumlisha 60 ataruka kwenye benchi. Ile kuruka ndiyo mshahara wa hesabu. Ukimtangulizia mtoto sarafu, unamnyima.

Tunapendekeza nini? Shule zetu nyingi hazina umeme, na kalasi zimejaa, kwa hiyo tuanze na kilichopo. Kalasi ya wanafunzi 60, wanne kwa kila ubao, inahitaji mbao 15, ao vishimo vilivyochimbwa chini kwenye kivuli, na vijiwe 960 vya ufukweni. Kuvihesabu na kuvigawa tayari ni somo. Kosa lisichekwe wala lisichapwe: anayekosea arudie, kama simu inavyomruhusu. Simu ikipatikana, itumike kwa watoto waliochelewa, muda mfupi, mzazi ao mwalimu akiwa karibu.

Na zawadi? Tusiahidi pesa wala kitu kwa jibu. Tumshangilie mtoto anapofanya vizuri, hata bila kutazamia, na tumshangilie yule aliyetoka 20 akafika 40 kama tunavyomshangilia wa kwanza. Na anayeshinda apewe kazi, kama mwenye ngazi wa bwami: juma linalofuata akae na wenzake wawili walioshindwa mpaka waione wenyewe ile mbegu ya mwisho itakapoangukia. Mzazi atakayeuliza, «Sasa mtoto wangu amepata nini?», tumjibu kwamba amepata wanafunzi wawili.

Tuzo ibaki tuzo. Ngoma ipigwe kwanza, mtoto acheze, na sisi watu wake tuwe pale tukimtazama.